Beberu Mmoja, Kura Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Beberu amefika! Mweupe, shingo nene, amesimama kama anasubiri wimbo wa taifa. Sisi wafugaji ishirini na wanne wa ushirika wetu hapa Tseikuru tumemnunua pamoja, tukamwita Mheshimiwa. Atakaa kwa kila mwanachama wiki moja, apande mbuzi, kisha aende kwa mwingine.

Mimi Musyimi nina mbuzi kumi na tisa. Ismahan, yule mama wa duka la vitambaa, ana wawili. Wawili! Na bado kila mtu ana kura moja. Haki iko wapi?

Nikapendekeza mkutanoni kura zihesabiwe kwa vichwa vya mbuzi. Mwenyekiti wetu, Mama Syokau, akasema basi tupige kura. Waliokubali: mmoja. Waliokataa: ishirini na watatu. Katika ile mikono ishirini na mitatu, mmoja ulikuwa wa Kalekye, mke wangu! Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye pia ni mwanachama.

Jumanne, 10 Juni

Kesho kila mtu ataokota karatasi yenye namba ya zamu. Nimejitolea kuziandika, maana mwandiko wangu ni safi. Karatasi namba moja nimeisugua kwa kitunguu. Kesho nitanusa tu. Akili kama hii inakaa Tseikuru kwa bahati mbaya.

Jumatano, 11 Juni

Syokau aliamua wanachama wapya waokote kwanza. Hakuna aliyeniambia! Ismahan, aliyejiunga Aprili, akatia mkono kwenye kofia ya mzee Kitheka, akatoa karatasi, akasema inanukia pilau. Namba moja.

Zamu yangu ilipofika niliingiza pua yote. Nilisikia harufu ya kichwa cha Kitheka, basi. Abdow, yule mfanyabiashara wa mifugo, akauliza kama natafuta namba au nazila.

Nimepata ishirini na nne. Kalekye, ishirini na tatu. Mpaka Novemba!

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Saa nne asubuhi nilienda kwa Ismahan na koti jeupe na kalamu mfukoni. Nikamwambia mwenyekiti amenituma kumchukua Mheshimiwa kwa ukaguzi. Akauliza ukaguzi wa nini. Nikasema kwato. Alifungua mdomo kama ana neno, akaufunga, akanipa kamba.

Nilijifunga kamba kiunoni ili mikono iwe huru kusalimia watu. Tulienda vizuri mpaka sokoni. Hapo Mheshimiwa akaona sukuma wiki. Ngai! Amenikokota katikati ya nyanya za watu, chini ya meza ya maembe, mpaka kwenye miguu ya mtu anayenunua ndengu. Kuinua macho: Mama Syokau. Nikamsalimia nikiwa hapo hapo chini. Akauliza beberu anapelekwa wapi. Nikasema hata mimi sijui. Na kweli sikujua.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeitwa mbele ya kamati ya usuluhishi: Syokau, Kitheka na Abdow. Kalekye amenikumbusha kwamba mwanachama anaweza kufukuzwa pamoja na familia yake, na kwamba mbuzi wetu ni wadogo kama paka, hivyo bila Mheshimiwa tutabaki tunafuga paka. Sijala kitu. Nimeandika utetezi wa kurasa sita. Kwenye ukurasa wa nne kuna mahali nimeandika: hapa lia.

Jumatatu, 16 Juni

Kanuni ya kamati ni moja: kila mtu aseme yake, mwingine asimkatize. Nikasoma. Nusu saa nzima. Nikaeleza kwamba watu ni sawa, lakini mbuzi kumi na tisa si sawa na wawili. Kitheka akasinzia. Ismahan hakunikatiza hata mara moja, na hilo lilinichosha kuliko kelele.

Kisha akasema: “Mzee Musyimi, ungeniomba tu. Mbuzi wangu wote wawili walikuwa na mimba kabla Mheshimiwa hajafika. Ile Ijumaa nilitaka kukuachia zamu yangu, lakini ulisema umekuja kukagua kwato.”

Hata Kitheka aliamka. Syokau akauliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa na kurasa mbili zimebaki. Nikazikunja. Nikamwomba Ismahan msamaha, sauti ikitoka kama ya kifaranga. Akasema yameisha.

Hawakunifukuza. Lakini nitamchotea Mheshimiwa maji kila siku, popote atakapokuwa, mpaka Novemba. Na zamu ya Ismahan? Ameshampa Nthiwa, mwenye mbuzi mmoja. Mmoja!

Alhamisi, 19 Juni

Nimetafakari sana. Nimebadilika. Watu wote ni sawa, na ugomvi humalizwa kwa kuzungumza. Kalekye amenitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kuhesabu mbuzi.

Leo nimesikia Kitheka anajiuzulu kwenye kamati kwa sababu ya magoti. Nafasi iko wazi! Nani anafaa kupatanisha watu kuliko mtu aliyepatanishwa juzi? Shida ni moja: wanachama wanaelewana mno. Msuluhishi atasuluhisha nini? Lazima kwanza wagombane kidogo, kisha nitokee na chupa ya chai, niwatulize mbele ya watu wote.

Kesho nikipeleka maji naanza na Nthiwa. Nitamwambia kwamba Abdow amesema yule mbuzi wake mmoja ni kondoo.