Kuhusu Mtoto Anayelala na Viatu

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Watoto,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kitasa kibovu.

Mheshimiwa mwanangu,

Natumaini mgongo wako umepata nafuu, maana mara ya mwisho ulikuwa umekaa upande upande. Mimi ni yule bibi mshona sare za shule uliyemkabidhi msichana wa miaka tisa. Sikusoma. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi saa, na nimemkataza kulainisha maneno. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nalalamikia maneno "kwa muda". Amri yako inasema mtoto atakaa kwangu kwa muda wa miezi mitatu. Ikiisha, unaongeza mingine mitatu. Kusoma anajua yeye, mimi sijui, kwa hiyo ndiye aliyenisomea. Tangu siku hiyo anaomba ruhusa hata ya kunywa maji. Nimempa jina la Mgeni Rasmi.

2. Ukaguzi. Ofisa wako wa ustawi wa jamii ni binti mwenye adabu, simsemi vibaya. Alipima kitanda, akafungua madirisha, akachungulia choo, akawauliza majirani kama napiga watoto. Fundi saa akamjibu kwamba napiga kelele tu. Kukagua ni kazi yake, na ni kazi nzuri. Mtoto si kuku wa kuachwa popote. Lakini amekuja mara nne, na kitanda ni kile kile, hakijarefuka.

3. Kesi imeahirishwa mara sita. Mara ya kwanza mlikuwa mnatafuta ndugu zake wa damu. Hapo nilinyamaza, kwa sababu kama yupo shangazi anayemlilia mtoto huyu, naye ana haki. Mlitangaza, mkangoja, hakutokea mtu. Mara ya pili ripoti haijachapwa. Ya tatu imechapwa, haina mhuri. Ya nne mhuri upo, mwenye mhuri yuko likizo. Ya tano jalada liko chumba kingine. Ya sita hamkutoa sababu yoyote, nami nikashukuru kwamba safari hii angalau hamkujisumbua.

4. Viatu. Hili ndilo lililonifanya nimwite fundi saa na kalamu yake. Mtoto huyu analala na viatu, tena amefunga kamba. Begi lake liko miguuni, zipu imefungwa, mswaki umo ndani. Asubuhi anautoa, anasugua meno, anaurudisha. Nilimwambia avue, shuka zangu si barabara. Akanijibu, "Bibi, nyumba ya kwanza walikuja kunichukua nikiwa miguu peku." Na kwangu ni nyumba ya nne. Sikumwambia tena. Nafua shuka kila baada ya siku mbili bila kulalamika, isipokuwa hapa.

5. Kwa hiyo naomba haki iende sawa. Kama "kwa muda" ni dawa, nanyi muinywe. Kiti chako, Mheshimiwa, upewe kwa miezi mitatu mitatu. Kila jioni ufungashe joho lako, huenda kesho ukaamkia mahakama nyingine. Mkeo akupokee kwa muda, na ofisa aje apime kitanda chenu. Karani asiwe na kikombe chake mwenyewe. Miezi mitatu ikiisha, mimi na fundi saa tutakuja kuangalia kama mnakula vizuri, halafu tutaahirisha.

6. Kama hilo ni gumu, njoo umvue viatu wewe. Akikuuliza kama kesho atakuwa bado yuko hapa, umjibu kwa mdomo wako, bila mhuri.

Tarehe ya saba ya kesi hii ni Jumanne ijayo. Nasema mapema na kwa heshima zote: sitakubali iahirishwe, hata kwa siku moja, hata jengo likiwaka moto. Fundi saa anasema moto tusiutaje. Umetajwa. Nitakuja na kigoda changu, maana benchi lenu la nje lina msumari, na siondoki bila karatasi inayosema makazi ya kudumu.

Nisalimie karani, yule binti wa ustawi, na mlinzi wa getini anayempa mtoto peremende akidhani sioni. Mkeo mwambie akukande mgongo kwa maji ya moto.

Ni mimi, mwenye hasira na upendo,

Bibi yake Mgeni Rasmi
(alama ya kidole gumba)

Nyongeza: Naomba Jumanne iahirishwe. Mtoto ameingia sasa hivi kutoka shuleni. Wamempa zamu ya kupiga kengele, Jumatatu mpaka Ijumaa, na anasema asipokuwepo siku moja shule nzima itabaki darasani haijui saa ya kutoka. Nimemweleza kwamba hakimu ni mtu mkubwa, hangojeshwi. Akasema, "Mwambie nina kazi hapa." Kwa hiyo Jumatano pia hatuwezi, wala Alhamisi, wala Ijumaa.