Nilivyoizungumzisha Nyumba ya Mawe ya Wabera

Jamani wenzangu wa chuo, leo nimeaibika mpaka natamani uhamisho. Nawaandikia sasa hivi, maana kesho nitajifanya haikutokea.

Mnajua huu ni muhula wangu wa kwanza kufundisha hapa Isiolo. Ijumaa ikifika, walimu wenzangu wanapanda gari kwenda kwao Meru. Kwetu ni mbali, kwa hivyo mimi nabaki. (Wiki hii walionitafuta kwa hamu ni darasa la pili, na walitaka maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni.)

Leo Jumamosi nikaona heri nitembee. Mwisho wa mtaa wa Wabera kuna nyumba ya mawe, mabati yake yameliwa na kutu. Siku zote nilidhani ni gofu. Leo nikakuta bango jipya mbele yake: NYUMBA YA KALE. ILIJENGWA NA ASKARI WA VITA VYA WAJERUMANI. ISIBOMOLEWE.

Nilifurahi ajabu. Hatimaye nina mahali pa kwenda. Nikarudi nyumbani kuvaa tai. (Ndiyo, tai. Ya kwenda kuangalia ukuta.)

Mlango ulikuwa wazi, nikaingia moja kwa moja. Ndani palikuwa na ubaridi mzuri, kiti cha ngozi, mkeka, na pazia zito lililogawa chumba. Nikadhani vyombo vimewekwa kwa ajili ya watazamaji. Nikakaa kwenye kiti, nikapapasa ukuta. Na kwa kuwa tangu jana sikuwa nimeongea na mtu mzima, nikaanza kuongea na nyumba.

"Pole," nikaiambia. "Hata wewe wamekuacha."

Nyumba ilijua kusikiliza, nikaendelea. Nikaiambia kwamba redio ikisema habari za jioni, mimi hujibu, nzuri. Kwamba nilipohamia nilinunua vikombe viwili, na kimoja bado kimefungwa gazeti la dukani. Kwamba Jumapili iliyopita nilisimama kituo cha basi nikiangalia wanaoshuka, na hapakuwa na yeyote niliyemngoja. Nikajifuta macho kwa tai.

"Ningepata hata mtu mmoja hapa," nikasema, "wa kuniuliza tu, leo umekula nini."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kisha sauti ya mama ikatoka pole pole.

"Haya, mwalimu. Leo umekula nini?"

Pazia likavutwa. Walikuwa wamekaa na vikombe vya chai: Mama Halima, mjane wa Kisomali mwenye nyumba, ndiye aliyeniuliza; jirani yake, ambaye ni mzazi wa mwanafunzi wangu na alikuwa amenitambua kwa sauti (juzi tu nilimwambia amfundishe mtoto wake asiwe wa kulialia), na karani wa baraza la mji.

"Salaam aleikum," nikasema, nimekalia kiti cha marehemu mumewe, viatu juu ya mkeka.

"Aleikum salaam. Vua viatu kwanza."

Nikaelezwa. Baraza linataka kupitisha barabara pale. Nyumba ilijengwa na baba mkwe wake Mama Halima, yule askari wa kwenye bango, na mama alisikia kwamba nyumba za kale hazibomolewi ovyo. Akamwita mchoraji wa mabango. Karani naye alikuja kumwambia aling'oe hilo bango, kwa sababu hakuna mtu anayekuja kuitazama hiyo nyumba. Alikuwa katikati ya maneno hayo waliposikia hatua zangu mlangoni, wote wakatega sikio.

"Huyu si amekuja?" Mama Halima akamwuliza. "Tena na tai."

Karani akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mama, huyu amekuja kulia."

"Lakini amekuja."

Karani akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mwishowe akasema atamweleza mkubwa wake kwamba wageni wapo, bango likae kwanza. Wageni wa namna gani, hakusema kama atafafanua.

Nilitaka kutoroka. Mama Halima akakataa, akaniletea anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa ya ngamia. Nikala nimeinama. Yule mzazi alijikaza asicheke, akashindwa, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Nikajikuta nacheka na mimi. Hata sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Jumamosi utarudi?" Mama Halima akaniuliza mlangoni.

"Nitarudi, mama."

"Vizuri. Safari hii uongee na sisi. Hizo kuta hazijui Kiswahili."

Basi, naomba sana msinicheke. Wabera nzima tayari inaifanya hiyo kazi, na haihitaji msaada.