Mbwa Watapoa kwa Utaratibu

Wakazi wote wa mji wetu mdogo wa Mirrabindi walitangaziwa kwamba kuanzia Jumamosi ile ya Januari, hakuna mbwa atakayepoa tena bila Halmashauri kuhusika.

Tangazo aliliandika Clive Rundle, Mkurugenzi wa Wanyama na Burudani. Alilisoma mbele ya kioo, akajikuta machozi yanamlengalenga. Kwa miaka mingi mbwa wetu walikuwa wakipoa kiholela. Walijitosa kijitoni nyuma ya kiwanja cha kriketi, wakagaagaa topeni chini ya mikaratusi, wakarudi nyumbani wananuka. Hakukuwa na sera. Hata lango halikuwapo. Jambo hilo lilimkosesha Clive usingizi.

Sasa kulikuwa na Kituo cha Upoaji wa Mbwa: kidimbwi cha buluu katikati ya uwanja mpana wa zege, uzio pande zote, na bango kubwa lenye picha ya Meya. Mikaratusi ilikatwa kwa sababu huangusha matawi bila kutoa taarifa, na pia ilikuwa inamziba Meya. Kijito nacho kikazungushiwa waya, mbwa wasije wakababaika kwa kuwa na mahali pawili pa kwenda. Sisi wenyeji tulishirikishwa kikamilifu. Tuliitwa mkutanoni, tukala keki, tukanyoosha mikono. Mirrabindi ukiuliza nani anataka kunyongwa, wa nyuma watanyoosha kwanza wasije wakaonekana walikuwa wamesinzia.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali la kuchoma sosiji bila mkaa. Clive, ndani ya suti, alishika kipaza sauti. Meya Glenys Harbottle alikaa kivulini hemani, anatabasamu.

"Mbwa sasa watapoa!" Clive alitangaza.

Hakuna mbwa aliyepoa. Kila mmoja aliweka unyayo mmoja kwenye zege, akauondoa haraka, akamtazama bwana wake kama aliyeuzwa na ndugu.

"Wana nini hawa?" Meya alinong'ona, meno yakiwa bado nje.

"Wanatafakari, Mheshimiwa. Ni kipindi cha mpito."

Hapo ndipo Noreen Tuckwell alipopaza sauti. Noreen ni mjane aliyechunga kondoo maisha yake yote, na akikuita, hata wa bonde la pili huitika. Pembeni yake alisimama Nugget, mbwa wake mzee.

"We Clive! Zege lako linaunguza! Mbwa havai viatu, ati!"

"Bi Noreen, joto la sakafu liko ndani ya viwango vinavyokubalika."

"Vinavyokubalika na nani? Mwoka mikate?" Watu wakaangua kicheko. Noreen hakucheka. "Fungua ule waya wa kijitoni, bwana. Huyu mzee wangu hajagusa maji tangu muufunge. Mwone anavyohema."

Clive alimwona. Ulimi ulikuwa unaning'inia, mbavu zinakwenda mbio. Moyoni alitaka kukubali. Lakini mpigapicha wa gazeti alikuwepo, na Meya pia. Basi akafanya alichodhani ni uongozi: akavua viatu na soksi, akaanza kutembea kwenye zege.

Mwanzo alitembea kama mkurugenzi. Kisha akatembea kama mtu aliyekanyaga siafu. Mwisho hakutembea, aliruka, akatua kidimbwini na tai yake.

"Kama mnavyoona," alisema akitema maji, "huduma imeanza."

Tulikuwa bado tunashikilia mbavu Nugget alipoanguka. Miguu ilimlegea tu, akalala ubavu. Kicheko kikakatika. Noreen alijaribu kumnyanyua, mikono ikamshinda. Akageuka, akalivuta toroli la barafu lililokuwa kwenye kibanda cha sosiji, akazimwaga soda zote chini, tukamsaidia kumpakia mbwa, naye akalisukuma juu ya zege kama msichana.

"Mpokee! Clive, mpokee, usinisimamie hapo kama bango!"

Clive alimpokea. Alikuwa amesimamia mbwa wa mji mzima miaka na miaka, na hakuwahi kumbeba hata mmoja. Alishangaa jinsi walivyo wazito. Alimtumbukiza mwili wote, akamshikilia kichwa juu ya maji, akihisi moyo wa mnyama ukipapatika kwenye tai yake.

"Vuta pumzi, mzee wangu," alinong'ona. "Tafadhali, mzee. Usinifanyie hivi."

Nugget alitulia muda mrefu kupita kiasi. Kisha akashusha pumzi ndefu, akafumbua jicho moja, akamkojolea. Clive akalia waziwazi, mbele ya mpigapicha.

Baada ya hapo watu waliwavusha mbwa wao kwa toroli, mmoja mmoja. Kidimbwi kikajaa hadi Clive akakosa pa kusimama.

"Bi Noreen, na mimi nitoe, nakuomba."

"Panda torolini na Nugget. Mkunje miguu, wote wawili."

Meya alikuwa anawasubiri ukingoni mwa zulia lililotandikwa mbele ya hema, mkono tayari kwa picha. Noreen akampita na toroli lake. Akapita lango, akapita kiwanja cha kriketi, sisi na mbwa wetu nyuma yake, hadi kwenye waya wa kijito. Jirani mmoja akatoa koleo la kukatia waya. Noreen akalichukua na kumkabidhi Mkurugenzi.

Clive alishuka, pekupeku, suti inachuruzika. Alifungua kinywa aeleze utaratibu, akaona hana hata mmoja. Akakata. Mbwa wakampita kushoto na kulia, wengine juu yake, wakaingia topeni kwa kelele za furaha. Nasi tukavua viatu tukawafuata.

Meya alifika anatweta, uso umemwiva.

"Clive! Nani ameidhinisha hili?"

Clive alikuwa amekaa majini, Nugget amemlalia mapajani.

"Hakuna, Mheshimiwa," alijibu. "Ndiyo maana linafanya kazi."