Siku Elimu Ilipopandishwa Kwenye Mizani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo na nakiona kimetulia. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwenyekiti, ambaye naye ametuma mwakilishi. Mkuu wa Shule, mama mlezi wa ukumbi huu. Walimu wa kudumu, walimu wa muda, na walimu wa hesabu mnaotarajiwa kuletwa. Mzee wetu Mtunza Ghala, uliyekaa ubavuni mwa mizani yako. Wazazi mliopata viti na wazazi mliopata dirisha. Wanafunzi wa kidato cha nne, taifa la kesho kutwa. Na mimi mwenyewe, mgeni wenu rasmi, Mkurugenzi wa Ushirikishwaji na Vipimo vya Ujifunzaji, ambaye kwa unyenyekevu nimejiweka mwisho: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemsahau, basi hakuwa mkubwa sana. (Makofi.)

Ndugu zangu, leo tunazindua Mfumo Jumuishi wa Kimkakati wa Ushirikishwaji Endelevu wa Mwanafunzi na Upimaji Mbadala wa Ujifunzaji, ambao kwa kifupi, ili usiwachoshe, tunauita Mfumo Jumuishi wa Kimkakati wa Ushirikishwaji Endelevu. Kwa muda mrefu shule zetu za sekondari zimekuwa mateka wa paradaimu ya kizamani, ambapo mwanafunzi anaulizwa swali, anajibu, na jibu likiwa sahihi anapewa alama. Jamani, hii ni haki? Mtoto aliyejibu vibaya naye si ana moyo? Si ana mama? (Sauti kutoka dirishani: "Anaye!") Ndipo ofisi yangu, baada ya semina kumi na saba na makongamano manne ya kuandaa semina ya kumi na nane, ikachukua hatua ambayo wengi waliiogopa. Na matokeo ni ya kutia moyo sana. Tangu tuufute mtihani wa kidato cha nne katika shule hii ya majaribio, hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyefeli. (Makofi mazito kutoka meza kuu. Wazazi wanatazamana.)

Tuanze na ushirikishwaji. Utajuaje kwamba mwanafunzi anashiriki? Wengine mtasema, anauliza. Hapana! Anayeuliza hajaelewa, na asiyeelewa anatushushia wastani. Sisi tumebuni indiketa ya kisayansi, nayo ni kutikisa kichwa kwa kukubali. Karani wangu yule pale, mwenye kalamu mbili na subira, alikaa nyuma ya darasa siku tatu akihesabu kila kichwa kinachoinama na kuinuka. Kipindi cha asubuhi, mwalimu wa fizikia akifundisha hadi jasho linamtoka, tulipata vichwa arobaini tu. Aibu. Lakini kipindi cha saa nane mchana, baada ya chakula, jua likigonga bati, tulipata vichwa elfu moja mia mbili na sita! (Vicheko.) Msicheke, hii ni data. Tena nimeambiwa kwamba mwanafunzi aliyeongoza, ambaye alishiriki hadi akaanguka kutoka kwenye dawati, yumo humu ukumbini. Asimame tumwone. (Hasimami. Jirani yake: "Anashiriki, mheshimiwa.") Aachwe aendelee.

Sasa upimaji, ambao ndio moyo wa mfumo. Wahenga walisema elimu haina mwisho. Nakubaliana nao, ila naongeza kwamba haina mwisho lakini ina kilo. Kila mwanafunzi ametakiwa kukusanya ushahidi wa yale aliyojifunza ndani ya jalada moja, na jalada hilo halisomwi, maana kusoma kunaleta upendeleo. Linapandishwa kwenye mizani. Nanyi wenyewe mmeona asubuhi hii jinsi majalada yalivyopita hapa mbele, moja moja, kwa nidhamu. Mwezi wa kwanza wastani wa elimu katika shule hii ulikuwa kilo moja na robo, leo ni kilo tatu na nusu. Wakati wa mvua, paa la darasa lilipovuja, elimu ilipanda kwa asilimia kumi na nne ndani ya wiki moja bila mwalimu yeyote kuingia darasani, na ndiyo maana nimeagiza paa lile lisizibwe. (Mkuu wa Shule anakohoa.) Kuna kijana wa safu ya pili amefikisha kilo kumi na moja! (Mtunza Ghala: "Yule katia tofali. Nimelisikia likigonga.") Mzee wangu, hiyo sisi tunaita ubunifu.

Lakini kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kuna binti hapa, wenzake humwita Fundi. (Wanafunzi: "Fundi! Fundi!") Tulieni. Binti huyu alipewa fursa sawa na wengine, jalada alipewa, gundi alipewa, kisha ameleta karatasi moja. Moja! Amechora ile pampu ya maji ya shule iliyokufa mwaka jana, akaweka vishale mahali alipofungua, alipobadilisha mpira, na alipofunga. Gramu thelathini na tano, ndugu wazazi, na thelathini ni za jalada lenyewe. Kwa hiyo elimu ya miaka minne ya binti huyu ni gramu tano. (Fundi, amesimama: "Lakini pampu inafanya kazi, mheshimiwa. Hayo maji unayokunywa yametoka humo.") (Mgeni rasmi anaitazama bilauri, anaiweka chini.) Sikatai. Lakini maji hayakuwemo kwenye jalada, binti yangu. Lita moja ni kilo moja. Ungeyaleta, ungekuwa mbali.

(Mwanamke mwenye futi ya kushonea shingoni anasimama. Ni mama yake Fundi. "Shikamoo mheshimiwa. Mimi mshonaji, mambo ya kilo siyajui. Huyu mtoto amepata nafasi chuo cha ufundi, na wametuambia apeleke matokeo Ijumaa kabla ya saa sita, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Leo Jumatano. Nauliza kitu kimoja tu, mwanangu amefaulu au amefeli?")

Marahaba, mama yangu. Swali lako ni zuri, ila limepitwa na wakati. Kufaulu na kufeli tumeachana nako. Siku hizi tuna ngazi tatu, yaani Mzito, Mzito Mtarajiwa, na Mwepesi Mwenye Matumaini. Mwanao ana matumaini. (Mama: "Chuo kinataka alama, baba.") Chuo kitajengewa uwezo, tutakiandalia warsha. (Mama: "Kabla ya Ijumaa?") Kabla ya mwisho wa awamu ya tatu. (Miguno ukumbi mzima.) Nasikia miguno. Mguno nao ni ushiriki; karani, andika.

Msiwe na wasiwasi, mimi mnayeniona hapa nayajua machungu ya mfumo wa zamani. Nilipokuwa sekondari nilishika mkia miaka minne mfululizo, na uthabiti wa namna ile hauonekani tena kwa vijana wa leo. Waliniita mbumbumbu. Leo jalada langu la ofisini linabebwa na watu wawili, na wakifika ghorofa ya pili wanapumzika! Ndiyo maana naahidi, bila kupepesa macho, kwamba ifikapo mwaka wa tano wa mkakati wetu wa miaka mitatu, kila darasa litakuwa na mizani yake ya kidijitali, kila shule itakuwa na afisa wa kutia majalada maji, na kila mwanafunzi atahitimu akiwa na uzito unaokubalika kimataifa. (Mtunza Ghala: "Mheshimiwa, naomba mizani yangu. Kuna magunia yananisubiri.") Dakika moja, mzee, tunaelekea kwenye kaulimbiu. Nikisema "Elimu", nyote mwitikie "Kilo". Elimu! (Meza kuu: "Kilo!" Wanafunzi: "Walimu!") Turudie. Elimu! (Wanafunzi: "Walimu!" Mwalimu wa fizikia anainama kuficha kicheko.) Inatosha, ujumbe umefika.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mzee Mtunza Ghala kwa kutuazima mizani leo asubuhi, kwa kuwa mizani ya mradi haijaagizwa. Haijaagizwa kwa kuwa mradi haujaidhinishwa. Haujaidhinishwa kwa kuwa andiko lake halijaandikwa. Nalo halijaandikwa kwa kuwa mwandishi wetu pekee alikuwa akiiandika hotuba hii, naomba mumpigie makofi. (Hakuna makofi.) Namshukuru karani wangu kwa zile siku tatu alizokaa nyuma ya darasa, ambazo alizikalia kwenye gari tukija huku, pamoja na takwimu zote za mwezi wa kwanza na za mvua, alizozikokotoa kwa weledi mkubwa ingawa barabara ilikuwa na mashimo. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wakubwa zangu kwa barua ya kuufuta mtihani, maana hiyo ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyotekelezwa kikamilifu, tena kwa wakati.

(Mama yake Fundi: "Kwa hiyo mtihani mmeufuta, na mradi wenyewe haupo?") Mama, umefupisha vizuri kuliko mwandishi wangu. (Fundi: "Basi niulizeni hapa hapa, mheshimiwa. Swali lolote mnalotaka. Nikijibu mniandikie alama, nikishindwa mniandikie nimeshindwa. Nipate tu karatasi ya kupeleka.") (Ukumbi: "Muulizeni!") (Mwalimu wa fizikia ananyoosha mkono.) Shusha mkono, mwalimu. Wewe umemfundisha, unamjua, na kumjua mtoto ni upendeleo. Aulizwe na ofisi huru. (Ukumbi: "Muulize wewe!") (Mgeni rasmi anamtazama karani. Karani anapekua mkoba.) Binti yangu, sikiliza. Ili nikuulize swali ni lazima mimi niwe najua jibu, na leo nimekuja na karani na dereva tu. Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Mgeni rasmi anashuka jukwaani. Fundi bado amesimama.)