Chemchemi ya Bibi Yangu

Jumatatu, tarehe 4
Mtafiti karudi, yule tunamwita Dada Daftari. Kazi yake kusoma watu na ardhi yao. Tunachora naye ramani darasani, karatasi ya manila: vijito, mimea, majina ya mahali tuliyoachiwa na wazee. Kijijini wamekubaliana, mtu ambaye jina la wakwao litakaa pale chemchemi, huyo ndiye msimamizi wa matete ya kusukia mikeka. Nikanyoosha mkono kabla wifi yangu, dada wa mume wangu, hajakohoa. Nikasema pale panaitwa Kwa Bibi, yaani bibi yangu mimi. Wifi akauliza, bibi yupi, yule aliyekuwa akiogopa maji? Watu wakacheka. Roho mbaya, ila ana kumbukumbu.

Jumanne, tarehe 5
Kumbe kusema hakutoshi. Dada Daftari anasema jina haliingii mpaka mwenyewe atupeleke, aonyeshe kinachoota na kazi yake. Mimi matete huletewa na wifi mlangoni. Chemchemi naijua kwa kusikia. Si neno. Mdomo ninao.

Jumatano, tarehe 6
Tumekwenda watu tisa. Nimeongea njia nzima nisiulizwe. Nikaulizwa. Nikashika kilicho karibu, kina maganda yenye manyoya laini, nikasema huu ni mtuliza-mawifi, bibi alijipaka shingoni. Wifi akasema kwa upole, jipake basi wifi yangu, wageni waone. Nikajipaka.
Upupu.
Nimeingia majini na nguo zangu. Wifi ndiye aliyenisugua kwa tope kuutoa upupu, huku akimtajia Dada Daftari kila jani la pale na kazi yake. Mgongo wangu ndio ubao, yeye mwalimu.

Alhamisi, tarehe 7
Najikuna. Hodi nimezisikia, sikuitika.

Ijumaa, tarehe 8
Ramani imesomwa mbele ya wote. Kwetu mahali hupewa jina na jambo lililotokea, kama vile Alipoanguka Ng'ombe na Walipogombana Mashemeji. Matete kapewa wifi, kwa kuwa ndiye aliyeijua mimea. Chemchemi, kwa kauli moja: Alipojikuna. Dada Daftari akanivuta pembeni, akaniuliza kama naridhia, la sivyo atalifuta. Nikaridhia hajamaliza kuuliza.
Wanadhani wamenicheka. Nani alijikuna? Mimi. Basi pangu, tena kwa wino. Kesho naenda kumwambia wifi awe ananiomba ruhusa.
Wiki ijayo tunachora kilima cha mizinga. Mzinga sijawahi kufungua, lakini nyuki ni mdudu tu, atasikia maneno.