Naomba Mnirudishie Mtandao Mbovu

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu Yenye Duka Kwenye Kona,
Mkabala na Maegesho ya Ghorofa.

YAH: KUFIKIWA NA MTANDAO BILA RIDHAA YANGU

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka na hakuna anayekutafuta. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu bango la dirishani kwenu linasema mteja atahudumiwa kwa lugha aipendayo. Mimi naipenda hii. Mtafuteni mtu wa kuwasomea.

Mimi ni mteja wenu wa miaka mitatu, mgeni katika nchi hii, na nafanya kazi katika hoteli kubwa iliyo ng'ambo ya barabara yenu. Sikuja kwenu kwa kubahatisha. Nilipofika ugenini nilinunua laini tatu za kampuni tatu, nikanunua na daftari, nikafanya utafiti miezi minne mizima. Nilizipima laini hizo kwenye ngazi, kwenye lifti ya mizigo, kituo cha basi, chumbani kwangu na chooni.

Kampuni ya kwanza niliipa jina la Bwana Mkubwa. Ilishika kila mahali, na sauti yake ilikuwa safi kiasi kwamba nilimsikia shangazi yangu akimeza chai. Lakini kifurushi chake cha mwezi kilinifanya nishindie maji na mkate hadi siku ya mshahara. Kampuni ya pili niliiita Kigeugeu. Bei yake ya Jumatatu siyo ya Alhamisi, na ilishika vizuri mahali pamoja tu, kituo cha basi, tena usimame upande wa pipa la taka. Ya tatu ndiyo ninyi. Bei nafuu, mtandao wa kusuasua, sauti inakwenda inarudi, na picha kama mtu unamtazama kupitia kioo cha bafuni mwenzako akishaoga. Kule chini ninakofanyia kazi mlishika dakika tatu katika kila kumi. Kwenye daftari, mbele ya jina lenu, niliandika: Hawa ndio wangu.

Sasa nikueleze kwa nini, na naomba hapa usicheke.

Mama yangu alifua nguo za watu miaka kumi na tisa. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye beseni lake. Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili, yake ikiwa na nyufa za sabuni, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefua ili wewe usifue." Nikamwahidi. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimesimama ghorofa ya pili kwenda chini, mbele ya mlima wa mashuka ya vyumba mia mbili, nimevaa aproni ya plastiki. Mimi ni dobi, Ndugu Mkurugenzi. Ni kazi halali na naifanya vizuri, lakini mbele ya mama nilikosa mdomo wa kuisema.

Familia yetu hufanya kikao kwa simu kila Jumapili saa nane mchana. Simu ya shangazi huegemezwa kwenye chupa ya chai, ukoo hujipanga mbele yake kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya harusi, na kila mtu hutoa neno lake. Jumapili ya kwanza ya kazi hiyo nilikuwa zamu. Nyuma yangu yalikuwa mashuka, na kwa mtandao wenu yakaonekana weupe mtupu. Shangazi akapaza sauti, "Jamani, tazameni ofisi ya mtoto wetu! Nyeupe pee!" Vigelegele vikapigwa. Nikafungua mdomo nimsahihishe, nanyi mkakata. Mliporudi nilikuwa nimeshapandishwa cheo, mimi ni meneja. Uelewe kwamba sikusema uongo. Niliuacha ukweli ukwame njiani, na njia ilikuwa yenu.

Tangu hapo tuliishi kwa amani, mimi, ninyi na ukoo wangu. Mlio wa mvuke wakauita kiyoyozi. Toroli zikipita wakasema ni lifti. Msimamizi wangu akinifokea, shangazi aliwanyamazisha wenzake, "Shh, mwenzenu ana kikao!" Mimi nilichangia kukaa kimya tu.

Halafu mwezi uliopita mkapanda juu ya maegesho ya ghorofa mkasimika mnara. Hamkuishia hapo. Mkaja hadi kwetu chini, mkabandika kisanduku cheupe kwenye dari ya korido. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkuniuliza. Mlinitumia ujumbe mmoja tu, "Mpendwa mteja, sasa furahia mtandao imara popote ulipo." Popote nilipo ndipo nilipokuwa nimejificha. Simu sasa imejaa vijiti vyote vinne. Nimeingia na simu hadi ndani ya pipa la mashine kubwa ya kukaushia, ikiwa imezimwa, nikafunga mlango ukabaki upenyo wa kidole. Vinne. Msimamizi alinikuta humo ndani na mpaka leo ananisemesha polepole, kama mgonjwa.

2. Jumapili iliyofuata picha ilitoka safi kama ya televisheni. Wakaona mashuka, wakaona mikunjo ya mashuka, wakaona toroli na wenzangu watatu wenye aproni. Shangazi aliweka kikombe chini. "Mbona wafanyakazi wako wote wameshika mashuka?" Nikamkazia uso mkavu nikasema leo ni siku ya ukaguzi. Kosa hilo nimelifanya mimi, lakini mazingira mliyaandaa ninyi. Kumbe mtu anayekagua ana uwezo wa kuajiri! Kabla ya Jumatano nilikuwa nimepokea barua nne za maombi ya kazi kutoka kwa mabinamu. Mmoja, dereva wa lori, ameniuliza ofisini kwangu watu wanafunga tai za rangi gani.

3. Mmenifilisi visingizio. Mtu aliye ugenini ana silaha moja tu duniani, nayo ni kusema "mtandao unasumbua." Kwa silaha hiyo nilikwepa kuchangia mawazo kwenye ugomvi wa ukuta wa jirani, nilikwepa kuulizwa naoa lini, na nilikwepa ubeti wa kumi na mbili wa wimbo aliotunga mjomba kwa heshima ya cheo changu. Leo nikisema mtandao unasumbua, wananijibu kwa pamoja kwamba wananipata vizuri sana. Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Fundi Mvuke kwa kuwa yeye ndiye mwenye mabomba, alinishauri nifikiche mfuko wa plastiki karibu na simu ili itoe mikwaruzo. Nikaufikicha kwa bidii zote. Shangazi akasema, "Acha kuchezea mfuko wa mkate, tunakuona." Ni kweli, walikuwa wananiona. Nilisahau kuwa ni simu ya video.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama hunipigia mwenyewe kila Jumatano, wakati wangu wa chakula cha mchana, kwa simu yake. Zamani, aliponiona kwa taabu, alikuwa anaongea mfululizo. Umekula? Unalala vizuri? Mbona unakohoa? Tangu mnara usimame ananitazama tu. Namsalimia, anaitikia, kisha anakaa kimya ananitazama. Na mimi simwoni, kwa sababu simu yake iliwahi kutumbukia kwenye beseni la mapovu na kamera yake imeingia ukungu. Yeye ananiona mpaka jasho la kwapani, mimi naona kivuli kilichojifunga kitambaa. Sijui uso wake ukoje pale anaponyamaza. Sijui kama ameshajua, na kama ameshajua, sijui kama moyo wake umevunjika au bado. Jumatano mbili zilizopita nimemdanganya kuwa naitwa haraka, nikakata simu mwenyewe, kwa kidole changu. Kukata ilikuwa kazi yenu, Ndugu Mkurugenzi. Mimi sikuwahi kumkatia mama simu maishani.

5. Kisanduku cha kwenye dari kinawaka taa ya kijani inayonikonyeza.

Kutokana na hayo naomba, kwa heshima zote, mnara ushushwe. Najua kuna wateja wengine, na wapo watakaosema wanaufurahia. Waulizeni vizuri hao. Humu chini peke yake yuko muuguzi ambaye hajawahi kuwa muuguzi, na yuko mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye chuo chake ni mashine ya foronya. Mkifika jikoni mtawakuta wahandisi wawili wanamenya viazi. Mkiendelea kusambaza minara kwa kasi hii, nchi nzima ya wageni itavuliwa nguo hadharani, na hakuna dobi atakayeweza kutusaidia.

Ikiwa kuushusha ni gharama, niko tayari kukubali suluhu. Anzisheni huduma mpya iitwayo Kifurushi cha Ukungu. Nitakinunua kwa bei ya Bwana Mkubwa, nikirudia maji na mkate bila kunung'unika. Mteja akijiunga, picha yake ipungue ubora mpaka mtu aonekane ni mtu lakini isijulikane ameshika nini. Sauti iruke kila linapotajwa neno "kazi," "mshahara" au "ndoa." Shangazi wa mteja akivuta pumzi ya kuuliza swali, simu ikatike yenyewe. Inapokatika, picha ibaki imeganda mteja akiwa ameweka mkono kidevuni, kama anayefikiria mambo ya kampuni. Mkitaka picha ya kugandisha, nimeambatisha yangu. Tai nimeazima kwa mhudumu wa mapokezi, na naomba mnirudishie picha mapema ili nimrudishie tai.

Msiponijibu ndani ya siku kumi na nne nitalazimika kuhamia kwa Kigeugeu, na kikao cha Jumapili nitakiendeshea kituo cha basi, upande wa kushoto wa pipa la taka. Itabidi nimweleze shangazi kuwa kampuni imenihamishia idara ya usafi wa mazingira. Aibu hiyo itakuwa juu yenu.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie dada wa kaunta aliyeniuzia laini na kunionya kwa uaminifu kuwa haishiki chini ya ardhi. Alikuwa mtu mwema na alisema kweli kwa wakati ule. Wasalimie mafundi waliopanda mnara. Nina ugomvi na kazi yao, siyo na wao, na niliwaona wamefunga mikanda vizuri. Msalimie na mlinzi wa mlangoni, anayeniuliza kila siku kama nina shida na kila siku namjibu bado.

Ni mimi, mteja wenu mtiifu ninayefikiwa kupita kiasi,

Dobi,
Chumba cha Kufulia, Ghorofa ya Pili Kwenda Chini.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha. Nimeifungua tena kwa mvuke, hapa kwetu ni kazi rahisi, kwa sababu leo ni Jumatano na mama amepiga.

Leo kazi ilinizidi hata saa ya kula, nilikuwa nakunja shuka kubwa nikidhani liko nje ya picha, simu nimeiegemeza kwenye boksi la sabuni. Akanitazama kimya kama kawaida yake ya siku hizi. Halafu akasema, "Mwanangu, hilo shuka unalikunja vibaya. Pembe zikutane kwanza, ndipo ushuke na mkunjo." Nikaliacha shuka. Nikamuuliza amejua lini. "Ule weupe niliujua Jumapili ile ile ya kwanza. Miaka kumi na tisa, nisijue shuka? Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nikaona unachelewa." Nikaanza kumwomba radhi kwa ile ahadi. Akanikatiza. "Nilisema usifue kwa mikono. Hapo naona inafua mashine, wewe unabonyeza. Nionyeshe hiyo inayopiga pasi."

Nikachukua simu nikampeleka hadi kwenye mashine ya kunyoosha. Akaona shuka linaingia upande huu limekunjamana na kutokea upande wa pili limenyooka, kwa muda wa mtu kupiga chafya. Mama yangu alipiga pasi ya mkaa, Ndugu Mkurugenzi, na ana kovu lake mkononi. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, akaniambia nimwingizie jingine, halafu jingine. Nimelia mbele ya Fundi Mvuke na sina habari. Sauti haikukatika hata mara moja.

Kwa hiyo mnara uacheni. Mkiugusa tutakuwa na kesi nyingine. Kifurushi cha Ukungu nacho nakifuta, maana hata habari ya shangazi mama ameshaipatia dawa. Ameshauri asiambiwe kwa sasa, kwani mtaa mzima una habari za ofisi. Jumapili nitundike shuka moja nyuma yangu, lililonyooshwa sawasawa, lisiwe na mkunjo hata mmoja. Anasema ukuta wa meneja hauna makunyanzi. Mabinamu tutawaambia nafasi zimejaa.

Lakini mama mwenyewe bado namwona kwa ukungu. Ile simu yenye kamera tatu iliyoko dirishani kwenu, chini ya bango la lugha, naomba msiiuze. Nitaifuata siku ya mshahara nimtumie, na mlinzi akiniuliza nitamwambia leo nina shida. Sauti ya mama anapocheka nimeisikia vizuri kabisa, nawashukuru. Sasa nataka nimwone.