Kitenzi Kimoja Kinatosha

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia amestaafu leo. Amekabidhi funguo, daftari la shuka na kiti. Kiti chenye mgongo, na mto mdogo wa bluu juu yake. Miaka tisa nimesimama mbele ya mashine za hoteli hii nikikitazama. Ikifika jioni miguu yangu imejaa kama foronya iliyotiwa maji. Nakitaka kile kiti. Sizungumzii cheo, wala funguo. Kiti.

Tangazo limebandikwa mlangoni. Mahojiano Jumatatu ijayo. Chini kabisa wameandika kwamba ujuzi wa Kiingereza utazingatiwa, maana wageni wengi hawajui lugha yetu. Waombaji tuko wawili tu. Mimi na Bi Pasi, mama wa meza ya kunyooshea nguo, ambaye sijawahi kumwona amekaa tangu nimfahamu. Kiingereza hana. Mimi pia sina, lakini nina akili.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea mhudumu wa mezani, yule anayepiga soga na wageni mpaka wanasahau chakula. Nikamwuliza kama mtu anaweza kujifunza Kiingereza chote kwa siku sita. Akasema haiwezekani. Nikamwuliza nusu. Akasema hata nusu. Nikamwuliza basi kama hakuna neno moja linalofanya kazi za wengi. Akafikiri, akasema lipo, kitenzi “get”. Kupata ni “get”. Kufika ni “get”. Kuelewa vilevile. Mtu akichoka, akilowa, akizeeka, akiamka, akipanda basi, akishuka, akioa, “get” imo humo humo.

Nilitaka kumkumbatia. Kumbe Waingereza nao wavivu! Bi Pasi na ahangaike na vitenzi elfu. Mimi nitachukua hicho kimoja na kukimaliza.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Yeye yuko mapokezi ya zahanati na Kiingereza anakisikia kila siku. Akasema kitenzi hicho ni kama kiango cha nguo: chenyewe hakivaliki, maana iko kwenye kile unachokitundika. Nisipojua vineno vinavyokifuata, nitajiaibisha. Nikamwambia mimi ndiye dobi, asinifundishe mambo ya viango. Akanishauri niridhike na nilichonacho, aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi. Nikamjibu kwamba mimi hata kumbi la nazi la kukalia sina. Nasimama.

Jumatano, 5 Machi

Kamusi ya hoteli ni moja tu, iko kwenye rafu ya chumba cha mapumziko. “Get” peke yake imekula karatasi mbili, mbele na nyuma. Nilipofika nilimkuta Bi Pasi ameishika. Alisema anaifuta vumbi. Vumbi, Jumatano?

Alipotoka nikazichana zile karatasi mbili. Sijaiba. Kamusi bado ipo pale pale, na ina maneno mengine mengi mazuri anayoweza kujifunza. Karatasi nimezitia mfuko wa ndani wa koti langu jeupe la kazi. Mchana kutwa nimekuwa nikizipapasa. Bi Pasi akaniuliza kama kifua kinanibana. Mdaku yule.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekijaribu kwa mtu. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alishuka mwenyewe na kikapu chake cha nguo akasimama kwenye sakafu iliyojaa povu. Nikaona huyu atateleza, ni lazima nimwambie atoke majini. Nikatundika kineno cha kutokea, nikamwambia “get out”. Hakusogea. Nikarudia kwa sauti, nikitabasamu. Akageuka na kikapu chake, uso umemwiva.

Bi Pasi akamkimbilia ngazini. Hana hata neno moja, lakini alimshika mkono, akamwonyesha lile povu, akaigiza mtu anavyoanguka. Wakarudi wanacheka wote wawili. Mgeni akampa chokoleti. Mimi hakuniangalia. Bi Pasi akaikata katikati, akanipa kipande. Nilikula, ila kwa tahadhari.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kuandika mengi.

Asubuhi koti langu lilidondokewa na mafuta ya mashine. Nikalivua, nikalitupia humo humo pamoja na vitambaa sitini vya meza, vyote vyeupe, vya sherehe ya kesho. Midomo inafanya mazoezi: naamka, nafika, nachoka. Kanuni ya kwanza ya dobi ni kupekua mifuko. Nimewafokea watu kwa kanuni hiyo kwa miaka tisa. Nilipofungua mlango wa mashine, vitambaa vyote vilikuwa vimeota manyoya. Karatasi mbili, sabuni na maji ya moto, saa nzima ya kuzunguka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Bi Pasi hakuuliza. Alileta brashi mbili, moja akanipa. Tulibandua mpaka saa kumi. Hapo nikamweleza kwamba mimi nina masomo, nikaondoka. Karatasi sina tena, ni lazima nikariri kabla kichwa nacho hakijafuliwa. Nilipogeuka mlangoni nilimwona bado ameinama. Niliona haya kidogo. Lakini vita ni vita.

Jumapili, 9 Machi

Hotuba imekamilika. Naamka, nafika kazini, napata nguo chafu, nazifanya ziwe safi, nalowa, nachoka, narudi nyumbani. Vyote kwa kitenzi kimoja. Mke wangu alisikiliza huku amekunja mikono, mwisho akakiri kwamba mtu yeyote angeelewa. Kisha akaninyooshea shati, bila kuombwa, na kola akairudia mara mbili. Nampenda sana huyu mwanamke. Kesho jioni atakuwa mke wa mtu anayekaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimevuja jasho shati zima.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Meneja aliuliza kwa Kiingereza siku yangu ya kazi ikoje. Nikaimwaga hotuba yote bila kukwama. Akacheka kwa furaha, akasema imeeleweka. Nikajiona nimeshakaa.

Kisha akatoa kitambaa cha meza chenye manyoya ya karatasi, akakitandaza mbele yangu. Akauliza, kwa lugha yetu ya kawaida, kilipatwa na nini. Nikamweleza kitaalamu. Kuna mtu hakupekua mifuko. Nikaongeza kwamba mzembe wa namna hiyo hastahili kukabidhiwa funguo, nikageuza macho upande wa meza ya pasi ili ajijazie mwenyewe.

Hakujijazia. Alifungua pindo la kitambaa, akatoa kipande cha karatasi kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kimeandikwa “get”, wino haujafifia hata kidogo. Akafungua kamusi. Ukurasa unaoishia kwa vijidudu, “germ”, unafuatwa na ukurasa unaoanza kwa mizimu, “ghost”, katikati hakuna kitu. Akaniuliza ni nani hapa hotelini amekuwa akilitamka neno hilo wiki nzima, mpaka yakaletwa malalamiko na mgeni. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Sikuwa na kitenzi kingine.

Bi Pasi aliingia baada yangu. Mhudumu wa mezani, aliyekuwa akipeleka chai, ananiambia naye aliwekewa kitambaa kile kile. Alisema kimeharibikia chumbani kwetu, kwa hiyo ni kosa letu sote. Vitambaa hamsini na tisa vilifika kwenye sherehe vikiwa safi, na hiki kikaushwe kabisa kisha kikung'utwe, manyoya yatadondoka. Jina langu hakulitaja. Nimelifikiria hilo jioni nzima. Anapanga nini?

Jumanne, 11 Machi

Bi Pasi ndiye msimamizi.

Kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kukikokota kile kiti kutoka ofisini hadi mbele ya mashine yangu. Akasema yeye kukaa hawezi, akikaa anaumwa mgongo, na miguu yangu imekuwa ikimtia wasiwasi muda mrefu. Niwe nakaa mashine zinapozunguka. Mto alikuwa ameufua.

Sikuzaliwa jana. Hakuna mtu anayekupa kiti bure. Nikamshukuru kwa adabu, nikabaki nimesimama. Akasema nisione haya, baba. Nikasema niko sawa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye pasi zake.

Nimesimama zamu nzima, kiti kiko pembeni yangu, kitupu. Kufikia saa nane mhudumu wa mezani alikigeuza pa kuwekea kapu la leso. Nilimwuliza tu kama Kiingereza kina kitenzi kingine chenye nguvu zaidi kuliko kile cha kwanza. Akasema kuna “take”, kuchukua, nacho kina kurasa zake nyingi.

Mke wangu amenikandia miguu kwa maji ya chumvi. Viatu vimekataa kuvulika, kimoja amekipasua kwa kisu. Ameniuliza kwa nini sikukaa. Nimemwambia atulie, mpango upo. Kile kiti nakitaka, na mwaka huu hauishi kabla sijakipata.